Sura Katika Mistari Michache

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo hazipatani. Moja husema kwamba haraka haraka haina baraka. Nyingine husema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtoto akizisikia kwa mara ya kwanza huuliza ni ipi iliyo ya kweli, na mkubwa humjibu kwamba zote mbili ni za kweli, kila moja mahali pake. Jibu hilo ni jema, lakini halitoshi, maana kuzijua methali si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kupajua mahali pa kila moja. Katika insha hii nataka kukueleza, msomaji wangu, jinsi nilivyoitumia methali ya kwanza mahali ilipostahili ya pili, na hasara iliyotokana na kosa hilo. Mahali penyewe ni padogo, hapazidi ukubwa wa karatasi ya daftari. Ni mchoro wa sura ya mtu, uliochorwa upesi kwa kalamu ya risasi.

Rapsu ni kijiji kilicho kusini mwa Kaunti ya Isiolo, upande wa Kinna, si mbali na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Meru. Wakazi wake wengi ni Waborana, watu wa ng'ombe, mbuzi na ngamia. Lakini yako pia mashamba yanayonyweshwa kwa mifereji, na kwa hiyo katikati ya nchi kavu utakuta kipande cha mahindi kimesimama kijani kibichi. Nilifundisha huko nilipokuwa kijana, miaka michache baada ya kutoka chuo cha ualimu. Pamoja na masomo mengine nilipewa somo la uchoraji, kwa kuwa hapakuwa na mwalimu mwingine wa kulichukua.

Asubuhi moja niliwatoa wanafunzi darasani, nikawaketisha chini ya mgunga ili wamchore mzee mmoja aliyekuwa akisimamia zamu za maji mashambani. Tulikuwa tumemwomba ruhusa siku iliyotangulia. Yafaa kuomba ruhusa mahali popote, na huko yafaa zaidi, kwa sababu wako Waislamu wacha Mungu wanaoona si vyema kuchora viumbe vyenye roho, na maoni yao yastahili heshima. Mzee alifikiri kitambo, kisha akasema, "Nichoreni, wanangu, lakini msinicheleweshe na maji."

Alikuja, akaketi juu ya jiwe, fimbo yake mkononi. Mimi nilikuwa nimepanga kazi ya dakika arobaini. Lakini dakika kumi hazijatimia, mtu alipiga kelele kutoka shambani kwamba tuta limebomoka na maji yanakwenda ovyo. Mzee aliinuka, akashika njia. Wanafunzi walinung'unika kwamba hawajamaliza. Nikawaambia wazimalizie picha zao nyumbani kwa kumbukumbu, waziandae kwa unadhifu, wazilete kesho yake.

Kesho yake msichana mmoja alileta karatasi mbili badala ya moja. Ya kwanza ni ile aliyoichora chini ya mti katika dakika zile chache, na hakuiongezea kitu. Ya pili ni picha aliyoianza upya nyumbani, akaimaliza kwa saa mbili au zaidi. Nilizitazama, nikachukua kalamu nyekundu. Ya pili nikaipa alama nane katika kumi. Ya kwanza nikaipa alama nne, na pembeni nikaandika, "Haraka haraka haina baraka. Rudia kwa unadhifu." Nilijiona nimetoa hukumu ya haki. Sasa nataka uzitazame picha zile mbili pamoja nami, ili uone kama hukumu ile ilikuwa ya haki kweli.

Tuanze na picha niliyoisifu. Mzee ameketi akitukabili. Kichwa kimechorwa kwa kipimo nilichofundishwa chuoni nami nikakifundisha: kwamba macho ya mtu mzima hukaa nusu ya njia kati ya utosi na kidevu, wala si juu karibu na nywele kama wanavyodhani watoto wengi, na kwamba urefu wa uso kutoka nywele zianzapo hadi kidevuni hugawanyika sehemu tatu zinazokaribia kulingana, yaani mpaka wa nyusi, mpaka wa ncha ya pua na mpaka wa kidevu. Vipimo vyote vilikuwa sawa. Ndevu zilichorwa unywele baada ya unywele. Miraba ya kitambaa cha kichwani ilipigwa kwa rula. Vifungo vya shati vilihesabika. Kivuli kilitiwa upande mmoja wa pua na kulainishwa kwa kidole. Hapana kilichokosekana. Ukiiuliza picha ile mzee alivaa nini, itakujibu kikamilifu. Lakini ukiiuliza mzee yule alikuwa akifanya nini, au moyo wake ulikuwa wapi, itanyamaza. Yumkini ungeweza kuondoa kichwa chake na kuweka kichwa cha mzee mwingine, na picha isiharibike.

Haya, tutazame ile niliyoidharau. Mistari yake yote haikufika ishirini. Mstari mmoja ulianzia kwenye kitambaa cha kichwani, ukashuka shingoni, ukapita begani hadi kiwiko, bila kalamu kuinuliwa. Uso haukutukabili, bali uligeuzwa upande, na shingo ilinyoshwa kidogo mbele. Jicho lilikuwa moja tu, tena ni nukta chini ya mstari mfupi wa unyusi. Mdomo ulikuwa alama fupi iliyokatika katikati. Shati halikuwa na kifungo hata kimoja. Lakini mkono ulioshika fimbo ulichorwa kwa nguvu, mstari juu ya mstari, mara tatu, hata karatasi ikang'aa kwa weusi. Na mguu mmoja ulivutwa chini ya mwili, kisigino kimeinuka kutoka ardhini. Hapakuwa na kivuli, wala jiwe, wala mti.

Nilipoitazama siku ile niliona upungufu tu: jicho moja halipo, vifungo havipo, mkono umechafuliwa. Sikuona kwamba mzee yule alikuwa akisikiliza. Hakuwa nasi chini ya mgunga. Alikuwa nasi kwa mwili, na sikio lake lilikuwa mferejini. Mtu aliyesimamia maji miaka mingi huyajua kwa mlio wake, kama mama ajuavyo kilio cha mtoto wake kati ya watoto wengi. Shingo iliyonyoshwa, mkono uliokaza fimbo, kisigino kilichoinuka, vyote vilikuwa vikisema neno moja: kwamba mtu huyu yu tayari kuondoka. Msichana yule aliyachora hayo kabla ya yule mtu wa shambani kupiga kelele. Maana hii sikuigundua mwenyewe; baadaye nitakueleza nani aliyenionyesha.

Basi hapa tuna mchoraji mmoja, mchorwa mmoja, na mambo mawili yaliyo mbali kama mbingu na nchi. Ni nini kilichozitenga picha hizi? Wengi watasema ni bahati. Mimi sidhani. Nadhani sababu ni kwamba katika picha ya pili mchoraji alikuwa na wakati wa kuchora kila kitu, na kwa hiyo hakulazimika kuchagua kitu chochote. Katika ya kwanza hakuwa na wakati, na kwa hiyo kila mstari ulikuwa uamuzi. Akichora kifungo, atakosa mkono. Akichora mti, atakosa shingo. Asiye na nafasi ya kusema maneno mia husema maneno matano, na katika matano hayo utajua ni jambo gani lililomgusa. Mchoro wa haraka hutuonyesha mtu aliyechorwa, na pia hutuonyesha mahali jicho la mchoraji lilipokaa. Mkono ule uliorudiwa mara tatu ni ushahidi kwamba jicho la msichana lilirudi hapo mara tatu.

Chombo chenyewe husaidia. Tunakiita kalamu ya risasi, ingawa ndani yake hamna risasi hata chembe. Kilichomo ni madini meusi yaitwayo grafiti, ambayo tangu mwaka 1795, kwa ufundi wa Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, husagwa na kuchanganywa na udongo wa mfinyanzi, kisha huchomwa. Udongo ukizidi, kalamu huwa ngumu na mstari wake hufifia. Grafiti ikizidi, kalamu huwa laini na mstari wake huwa mweusi. Kalamu hii hutii mkono kuliko chombo kingine chochote cha bei ndogo. Ukiikandamiza, hupiga mstari mnene mweusi. Ukiilegeza, hupiga mstari mwembamba kama utando wa buibui. Na mstari mmoja waweza kuanza kwa ukali na kuishia kwa upole. Kwa hiyo nguvu ya mkono, wasiwasi wake, kusita kwake na hakika yake, vyote hubaki katika karatasi. Anayefuta na kulainisha kwa kidole huviondoa vyote hivyo. Na hicho ndicho tulichokuwa tukikiita unadhifu.

Usidhani kwamba naidharau picha iliyochorwa kwa subira. Isiolo yenyewe ina mfano mkubwa wa picha za namna hiyo. Mji huo ulikuwa makao ya George Adamson, aliyekuwa bwana nyama wa Kaskazini ya Kenya, na mkewe Joy, ambaye dunia humkumbuka kwa ajili ya simba jike Elsa, aliyekufa mwaka 1961 na kuzikwa katika nchi ambayo leo ni Hifadhi ya Meru, jirani na Rapsu. Wengi hawajui kwamba Joy Adamson alikuwa mchoraji kabla ya kuwa mwandishi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 alifanya kazi aliyopewa na serikali ya kikoloni, kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi na mapambo yao ya jadi. Alichora picha mamia kwa rangi za maji, nyingi zikahifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi, na mwaka 1967 akatoa kitabu juu ya watu hao. Aliuawa mwaka 1980 huko Shaba, katika Isiolo hii hii.

Picha zile zina thamani ambayo mchoro wa haraka hauwezi kuifikia. Ushanga, ngozi, nyuzi na mikufu ambayo leo haivaliwi tena imo humo, na mjukuu aweza kwenda kuitazama na kujifunza. Kwa kazi ya kuweka kumbukumbu ya vazi, haraka kweli haina baraka. Lakini ukizitazama nyingi kwa pamoja, utaona kwamba aghalabu mchorwa ametulia mbele yetu kama aliyeagizwa atulie, naye anatuonyesha alichovaa. Macho yake hutazama mbali, wala hatujui anawaza nini. Si kosa la mkono wa Joy Adamson, maana mkono wake ulikuwa hodari. Ni matokeo ya kazi aliyoagizwa. Aliagizwa kuchora kabila, na mtu mmoja mmoja akawa mfano wa kabila lake. Mchoro wa msichana wa Rapsu haukuweza kuwa mfano wa kabila lolote. Ulikuwa mtu mmoja, asubuhi moja, mwenye shaka juu ya tuta moja.

Katika nchi za mbali pia wachoraji waliliona jambo hili. Mfaransa Jean-Auguste-Dominique Ingres alikuwa Roma wakati utawala wa Napoleon ulipoanguka, na wateja wake wakubwa wakatoweka. Ili apate chakula aliwachora wageni waliopita mjini, wengi wao Waingereza, kwa kalamu ya risasi. Kazi hiyo hakuipenda, maana alitamani kujulikana kwa picha kubwa za historia. Lakini leo wako watu wengi wanaozipenda picha zile ndogo kuliko zile kubwa. Mwaka 1819 alimchora Niccolò Paganini, mpiga fidla mashuhuri wa Italia. Katika picha ile uso umeshughulikiwa kwa uangalifu mwingi, lakini koti limepitiwa kwa mistari myepesi. Ingres hakuwa mvivu wa makoti. Alijua kwamba ukikipa kila kitu uzito ule ule, hapana kitakachokuwa na uzito.

Mholanzi Rembrandt naye, mwezi Juni mwaka 1633, siku ya tatu baada ya kumposa Saskia, alimchora kwa kalamu ya fedha juu ya kipande cha ngozi nyembamba kisichozidi kiganja kwa upana. Binti ameegemeza shavu juu ya mkono wake, amevaa kofia pana ya ukindu, na mkono wa pili umeshika ua. Angalia jambo hili: alama ya kalamu ya fedha haifutiki kwa urahisi. Mchoraji akikosea, kosa lake litabaki. Kwa sababu hiyo mistari ya picha ile ina uangalifu na ujasiri kwa pamoja, kama maneno ya mtu anayezungumza na ampendaye na kujua kwamba neno likitoka halirudi. Saskia alifariki mwaka 1642, akiwa bado hajatimiza miaka thelathini. Rembrandt alimchora mara nyingi, hata kwa rangi za mafuta na mavazi ya fahari. Lakini ile ya kiganja ndiyo inayotuambia jinsi kijana yule alivyomtazama.

Mjerumani Albrecht Dürer alimchora mama yake mwezi Machi mwaka 1514, kwa kijiti cha makaa. Mama alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Alikuwa amezaa watoto kumi na wanane, na wengi wao alikuwa amewazika. Katika picha ile paji lake limejaa makunyanzi, mifupa ya shingo imejitokeza, midomo imebanwa. Mwana hakumrembesha mamaye. Kabla mwezi Mei haujaisha mama alikuwa amekufa. Dürer alikuwa fundi aliyeweza kuchora manyoya ya sungura moja moja, na picha yake hiyo ya sungura inasifiwa duniani kote. Lakini alipomchora mama, aliutumia ufundi huo kidogo sana. Mtu mwenye uwezo wa kusema mengi akisema machache, yatupasa kumsikiliza.

Na si uso peke yake unaosema. Sam Ntiro, mwana wa Kilimanjaro aliyesoma na kufundisha Makerere, alichora mwaka 1956 picha ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Picha hiyo imo katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Ni picha ya rangi, wala si mchoro wa haraka. Naitaja kwa sababu moja tu. Nyuso za watu wake hazina habari nyingi, lakini kwa migongo na miendo yao waijua kazi wanayoifanya. Vivyo hivyo mzee wa Rapsu alijulikana kwa shingo na kisigino. Umbali ukiwa mkubwa, humtambui rafiki yako kwa pua yake. Humtambua kwa mwendo. Mchoraji wa haraka hutafuta katika mtu aliyeketi ule mwendo unaomtambulisha akiwa mbali.

Sasa huenda wewe, msomaji, umekwisha kufurahi, ukidhani kwamba nakuruhusu kuchora upesi upesi na kwenda kucheza. Sivyo. Asubuhi ile ile, katika dakika zile zile, wanafunzi wengine nao walichora kwa haraka, na michoro mingi haikufaa kitu. Mmoja alichora yai, akalitia macho mawili, pua na mdomo wa kucheka. Ungeweza kuandika chini yake jina la mtu yeyote. Alichora upesi kwa kuwa sura ilikuwa imekwisha kukaa kichwani mwake kabla ya mzee kufika, na hakuona haja ya kumtazama. Mwingine aliona kwamba mzee ana masikio makubwa, akayafanya makubwa kama majani ya mgomba, darasa likacheka. Huyo alitazama, lakini alitazama kitu kimoja, kisha akaacha kutazama. Dhihaka ni haraka ya aina yake: humaliza kumjua mtu kabla ya kuanza.

Kwa hiyo haraka haimpi mchoraji kitu ambacho hana. Hufichua tu alicho nacho. Aliyetazama, kutazama kwake kutaonekana. Asiyetazama, mazoea yake yataonekana. Anayechora polepole aweza kuuficha umaskini wa jicho lake nyuma ya vifungo na miraba, na mwalimu asiye makini, kama nilivyokuwa mimi, atampa alama nane. Anayechora upesi hana pa kujificha. Ndiyo maana mchoro wa haraka ni mgumu, ingawa huchukua muda mfupi. Mkono hufanya kazi dakika tano, lakini jicho lilianza kazi kabla ya hapo. Niligundua baadaye kwamba msichana yule alikuwa akipita kwenye mfereji kila jioni kuchota maji, na kila jioni alimwona mzee yule. Dakika zake kumi zilikuwa na miaka ndani yake.

Waweza kuuliza pia: sasa kila mtu ana simu, na simu hupiga picha kwa kufumba na kufumbua, ya nini kuhangaika na kalamu? Swali hilo ni la haki. Simu hupokea kila kitu kilicho mbele yake, jiwe, mti, kifungo na mtu, na vyote huvipokea kwa usawa. Mpiga picha hodari huchagua wakati na mahali pa kusimama, na hiyo ni sanaa. Lakini wengi wetu hatuchagui, twabonyeza tu. Kalamu haikuruhusu kubonyeza. Huwezi kuchora shingo ambayo hukuitazama. Hata kama mchoro wako utatupwa, wewe utakuwa umemtazama mtu kwa dakika tano bila kusema wala kuhukumu, na watu wachache katika maisha yetu tumewatazama hivyo.

Nimeahidi kukuambia ni nani aliyenifundisha kuisoma picha ile. Nilihamishwa kutoka Rapsu, na baada ya muda nikapata habari kwamba mzee wa mifereji amefariki. Nilipopata nafasi nilikwenda kuwapa jamaa zake pole. Katika nyumba ile niliona picha ya marehemu, ile ya kitambulisho, ambayo mwanawe aliipeleka mjini ikakuzwa na kutiwa fremu. Ilikuwa picha ya mtu aliyeambiwa asitikisike. Mwanawe aliipenda. Aliniambia, "Mwalimu, hapa baba anawatazama wageni wake."

Mjane wa mzee alitusikiliza, kisha akainuka na kuleta kopo la bati wanamowekea hati za nyumbani. Humo akatoa karatasi ya daftari. Ilikuwa ni ile niliyoipa alama nne. Msichana alikuwa amempelekea mzee baada ya mimi kuirudisha, na mzee aliitunza. Ilikuwa imekunjwa pembeni kwa namna ambayo maandishi yangu mekundu yaligeukia nyuma na hayakuonekana. Mama yule hakujua kwamba mkono ulioyaandika ulikuwa wangu, au kama alijua, heshima ilimzuia kusema. Aliweka kidole juu ya ile shingo, akaniambia, "Hapa anasikiliza mfereji."

Sikuwa na la kujibu. Niliikunjua pembe ile kidogo, nikayaona maneno yangu, nikaikunja tena.

Mwana na mama hawakukubaliana ni picha ipi iliyo ya marehemu zaidi, wala mimi sikuthubutu kuwaamua. Yule alitaka baba anayewatazama wageni. Huyu alitaka mume kama alivyokuwa akimwona wakati yeye mwenyewe hatazamwi. Kila mmoja alikuwa na haki. Lakini kama mwalimu nilijua kwamba mimi sikuwa na haki, maana niliitazama picha kwa kuhesabu vilivyokosekana, na sikuuliza vilivyokuwapo vinasema nini. Hilo ndilo kosa la kwanza la mhakiki, awe anahakiki picha, shairi au insha. Alama ile sasa siwezi kuibadilisha. Msichana alikwisha kumaliza shule zamani.

Basi, msomaji, ukitaka kujaribu, fanya hivi. Tafuta mtu unayemwona kila siku: nyanya yako akichambua mchele, fundi akishona kiatu, mwenzako akisoma. Mwombe ruhusa. Weka raba mbali. Kwanza mtazame dakika mbili bila kuigusa karatasi, ukajiulize uzito wa mwili wake umekaa wapi na nia yake imeelekea wapi. Kisha mchore kwa dakika moja. Chukua ukurasa mwingine, umchore kwa dakika tatu. Kisha kwa dakika kumi. Mstari ukikosea, usiufute. Piga mwingine kando yake, na yote miwili ibaki. Utaharibu kurasa nyingi, wala usihuzunike, kwa kuwa karatasi ni rahisi kupatikana kuliko jicho lililozoea kutazama. Mwisho zipange kurasa zako mezani, umwite mtu anayemjua vyema yule uliyemchora, na umwulize anaona nini. Usimwulize kama picha inafanana. Umwulize mtu huyu anafanya nini hapa. Akikujibu upesi, bila kubahatisha, mchoro wako umefaulu, hata kama mwalimu wako ameupa alama nne.